Jani Kwenye Pindo la Suruali

Shangazi yangu aliijua mimea elfu kadhaa, na karibu yote aliijua ikiwa imeshakufa. Ndiyo kazi aliyoifanya kwa miaka ishirini na sita: kubandika mimea mikavu kwenye karatasi. Ofisini walimwita Mama Gundi, na jina likamfuata hadi mtaani, hadi dukani, hadi kwa fundi viatu aliyekuwa akimpigia kelele kila akipita: "Mama Gundi, njoo unibandikie soli hii, mimi imenishinda!" Naye hujibu bila kusimama: "Soli yako imekufa vibaya. Mimi nabandika maiti wenye heshima zao tu."

Mama yangu alifariki kabla sijaanza shule. Shangazi, ambaye ndoa ilikuwa imeshamshinda, akahamia kwetu na sanduku moja na cherehani bovu, akachukua chumba cha uani. Baba alikuwa mdogo wake wa kumfuata. Walifanya kazi ofisi moja, yeye ndani, baba nje. Baba alikuwa dereva. Aliwapeleka wataalamu porini na kuwarudisha na mafurushi ya mimea iliyobanwa kati ya mbao, na mafurushi hayo yaliishia mezani kwa dada yake.

Chumba cha kazi cha shangazi nilikijua vizuri kwa kuwa likizo za shule nilishinda humo, chini ya meza. Kilikuwa kirefu kama bweni. Madirisha hayakufunguliwa, upepo usije ukatawanya kazi ya wiki nzima. Makabati ya chuma yalisimama mpaka darini. Mmea ulikuja umelala kati ya magazeti ya zamani. Shangazi aliuinua kwa vidole viwili, akageuza jani moja ili mgongo wake uonekane, akalinyoosha ua, kisha akaupaka dawa kwa brashi pana ili wadudu wasije wakaula. Dawa ile ilikuwa unga mweupe ulioyeyushwa kwenye spiriti. Chupa yake ilikuwa na picha ya fuvu. Shangazi aliigeuza, fuvu likatazama ukutani. Alisema halimpi raha kazini. Baada ya dawa ndipo gundi, kisha vifuko vya mchanga vya kukandamizia, kisha lebo.

Lebo ndiyo iliyokuwa starehe yake. Mkuu wa chumba kile alikuwa mtaalamu mwembamba mwenye mvi za mapema, tuliyemwita Mzee wa Majani, na yeye alikuwa na msimamo mmoja ambao wenzake waliucheka: kila lebo lazima iandikwe harufu. "Rangi hufifia taratibu," alikuwa akisema, "lakini harufu hutoroka siku ile ile. Usipoiandika, hakuna atakayejua kwamba iliwahi kuwepo." Akitoka safari alisimama nyuma ya taipureta ya shangazi, buti bado zina matope, akamtajia maneno naye akayapiga. Gome likikwaruzwa linanukia karoti. Mzizi unanukia chumba kilichofungwa. Jani likifikichwa linanukia limau na moshi.

Katika hayo yote, moja lilimkaa shangazi rohoni. Lilikuwa la mmea namba mia nne na kumi na mbili, kichaka cha kimo cha goti, ambacho wataalamu walikuwa wamekikuta kwenye kilima kimoja tu, mwendo wa saa mbili kwa gari. Lebo yake ilisema: "Ua jeupe. Likifunguka asubuhi hunukia maziwa ya moto yenye iliki." Kwa miaka yote ile alikibandika mara tano. Mara tano alipiga taipu maneno yale yale, na mara tano akainamisha pua kwenye karatasi, akapata gundi na spiriti. Aliwahi kuomba aende safari moja, hata kama ni ya kubeba maji. Akaambiwa wabandikaji hawaendi safari, imeandikwa.

Kwa hiyo alimtegemea baba. Na baba, wataalamu wakiwa wameinama vichakani, yeye alikuwa mtu asiye na la kufanya ila masikio. Alikaa kwenye kivuli cha gari akasikiliza ndege mpaka akawajua kama watu wa mtaani kwetu: nani mgomvi, nani anaanza kuongea kabla ya jua, nani akilia mvua haiko mbali. Jioni mezani alitupigia miluzi yao.

"Leo kurumbiza kaniimbia saa mbili nzima," alisema siku moja. "Hata nilipokuwa kijana hakuna aliyenibembeleza hivyo."

"Na kulinukiaje huko?" shangazi akauliza.

"Petroli, dada. Nilikuwa nasafisha kabureta."

Shangazi akamrushia kitambaa cha sahani.

Nilikuwa naona aibu kutembea naye. Alisimama ghafla kandokando ya mtaro, mbele ya gugu lolote, akafumba jicho moja na kuinamisha kichwa, watu wanampita huku na huku na vikapu vyao. Alikuwa analilaza gugu lile akilini kwanza. Asipoliona limelala kama kwenye karatasi, hakulitambua.

*

Kilichotangulia ni maharagwe. Nilikuwa nimeshaanza kazi ya kushona sare za shule, nikarudi mchana mmoja nikakuta moshi umejaa uani, na shangazi ameketi hatua mbili kutoka jikoni anachambua mchele.

"Shangazi, yanaungua! Husikii harufu?"

"Harufu gani?" akaniuliza, na hakuwa anatania.

Tulicheka. Juma lililofuata chai ilikuwa na chumvi badala ya sukari, na yeye akainywa mpaka mwisho. Tulicheka tena, kidogo. Kisha mkono wake wa kulia ukaanza kutetemeka, ukamwaga supu, ukakosa tundu la ufunguo. Herufi alizoongeza kwa mkono kwenye lebo zikawa kama zimeandikwa ndani ya gari linalopita kwenye mashimo. Na hasira zikaja, yeye ambaye hasira yake yote ilikuwa mzaha. Alimfokea fundi viatu mpaka yule bwana akaacha kumwita. Alinifokea kwa sababu ya pini iliyoanguka, halafu akakaa kitandani akalia, akasema hajui kwa nini analia. Asubuhi mto wake ulikuwa na damu ya ufizi.

Daktari wa hospitali alikuwa kijana, mpole, mwenye haraka. Alimwambia anyooshe mikono, akaiangalia inavyotetemeka.

"Unafanya kazi na nini, mama?"

Shangazi akamweleza: majani, gundi, dawa ya wadudu. Akalitaja jina lililokuwa kwenye chupa. Daktari akaweka kalamu chini.

"Hiyo ina zebaki ndani," alisema. "Sehemu nyingi wameshaiacha siku nyingi. Mlikuwa mnavaa glovu?"

"Glovu zinavunja maua."

"Brashi mlikuwa mnazishikaje?"

"Kwa mkono tu. Ile nyembamba ya gundi naitengeneza ncha kwa ulimi." Akaona uso wa daktari, akaongeza haraka, "Ya gundi, si ile ya dawa."

"Mlikuwa mnaziweka kopo moja?"

Shangazi aliangalia sakafu ya chumba kile, vigae vyeupe vilivyopasuka, kwa muda mrefu kiasi kwamba nesi alichungulia mlangoni kuona kama tumemaliza.

"Pua yangu itarudi?" aliuliza hatimaye.

"Hutokea mara chache," daktari akasema. "Nisingependa uisubiri."

Kufikia wakati huo Mzee wa Majani alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Figo. Watu walisema ni umri, na alikuwa na miaka hamsini na minane.

Mkuu mpya alipoletwa alikuta paa linavuja, ukungu umeingia kwenye makabati, na daktari ameandika barua inayosema chumba chote kina sumu. Alifanya lililo jepesi. Akaamuru mimea yote ichomwe kwenye shimo nyuma ya ofisi. Ilichukua siku nne. Shangazi alikuwa miongoni mwa waliobeba, kwa mikono ile ile inayotetemeka, karatasi zinamchomoka na kutawanyika uani. Siku ya tatu alimfuata mkuu akamwomba karatasi moja tu, ya mia nne na kumi na mbili.

"Haiwezekani, mama. Ile ni mali ya ofisi."

"Si mnaichoma?"

"Ndiyo. Tunachoma mali ya ofisi."

Aliirudia kauli hiyo nyumbani mara nyingi, kwa sauti ya yule bwana, mpaka ikawa kama kichekesho. Lakini hakuna aliyecheka. Mwisho wa mwezi alipewa barua ya kupumzishwa kwa sababu za afya. Baba naye alimwaga unga mwaka huo huo. Bila chumba cha mimea safari ziliisha, na bila safari dereva wa nini?

*

Baba hakukaa muda mrefu bila kazi. Alipata kuendesha tipa. "Nabeba mawe ya barabara," alituambia, akaishia hapo. Aliondoka kabla ya jua na kurudi saa kumi na nusu, nyusi nyeupe, kope nyeupe, kama mtu aliyegaragazwa kwenye unga. Miluzi ya ndege iliisha mezani kwetu. Nilidhani ni uchovu.

Shangazi sasa alikuwa na siku nzima na hana la kuifanyia. Aliketi uani kwenye kigoda, kifuani ameikumbatia mikono yake kama anawabeba watoto wa mtu. Ndipo alipoanza kumwomba baba.

"Nipeleke kile kilima. Sitasumbua. Nikione tu kikiwa kimesimama kwenye udongo."

"Njia imeharibika, dada. Mvua imekula daraja."

Mvua ikaisha. "Tusubiri jua lipungue, utazimia." Jua likapungua. "Gari liko gereji." "Msimamizi hatoi ruhusa." "Mwezi ujao, dada, Mungu akipenda." Hivyo hivyo mwaka ukaisha, na nusu ya mwaka mwingine. Mimi nilimwonea baba huruma kwa kusumbuliwa. Nilifikiri shangazi ameanza kuwa mtoto.

Jumamosi moja alasiri tulikuwa tunafua. Shangazi hakuweza tena kukamua nguo, lakini alikuwa na kazi yake: kutoa vitu mifukoni na kukung'uta mapindo ya suruali za baba, ambamo changarawe zilijaa kila wiki. Mimi nilikuwa na mikono ndani ya beseni. Nikasikia kimya. Unajua mtu akiwa anafanya kazi karibu yako kuna sauti ndogo ndogo, zikakatika.

Nilipogeuka alikuwa ameshika jani. Lilikuwa dogo kama ukucha wa kidole gumba, limekauka, limefunikwa na vumbi jeupe. Alilichovya kwenye maji safi, akalilaza mgongoni mwa mkono wa kushoto, ule usiotetemeka sana, akafumba jicho moja.

"Chini lina vinywele vya rangi ya fedha," alisema polepole. "Kingo zimejikunja kwa ndani. Mishipa mitatu inatoka shinani, si mmoja."

"Ni nini, shangazi?"

"Niletee kisahani."

Baba aliingia saa kumi na nusu kama kawaida. "Shikamoo, dada."

"Marahaba. Keti."

Aliketi. Kisahani kilikuwa mezani, jani katikati yake.

"Hili limetoka kwenye pindo la suruali yako."

Baba akalitazama. "Majani yako kila mahali, dada."

"Hili haliko kila mahali. Liko mahali pamoja. Nimelibandika mara tano." Sauti yake haikupanda. "Mawe unayobeba, unayatoa wapi?"

Baba akavua kofia, akaiweka magotini. Vumbi likamwagika kidogo sakafuni na mimi nikajikuta nalitazama vumbi lile badala ya kumtazama yeye.

"Pale pale," alisema.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Mwaka na nusu nakuomba unipeleke."

"Ndiyo."

"Na kila siku unatoka huko."

"Ndiyo, dada." Akajifuta uso, vumbi likageuka tope kwenye mashavu. "Ningekuambiaje? Miaka yote ile niliwapeleka watu wakachuma tawi moja moja, wakaomba radhi hata kwa kukanyaga nyasi. Leo nakwenda na tipa. Ningeingia hapa niseme nini?"

"Ungesema hivyo hivyo."

Jirani alikuwa anapigilia msumari mahali fulani, anapiga, anaacha, anapiga.

"Kimebaki kiasi gani?" shangazi akauliza.

"Upande wa nyuma. Bado hawajaufikia."

"Kesho," alisema. "Sitaki kusikia habari ya daraja."

*

Tulikwenda kwa tipa lile lile, watatu tumebanana mbele, jua linachomoza upande wangu. Kwenye geti la machimbo, mlinzi alimtaka baba aeleze abiria wake.

"Dada yangu na binti yangu. Anataka kuona."

"Kuona nini, mawe?"

"Majani," shangazi akajibu mwenyewe.

Mlinzi akacheka, lakini akatupatia kofia ngumu mbili. Ya tatu haikuwepo. Mimi nikaambiwa nisisimame chini ya kitu chochote kinachoweza kuanguka, na pale kila kitu kiliweza.

Sijui nilitegemea nini. Kilima kilikuwa kimekatwa kama mkate, nusu nzima haipo, na ubavu uliobaki ulikuwa mweupe, umenyooka, na alama za mitambo. Hakukuwa na kijani upande ule. Hata miti iliyokuwa bado imesimama pembeni ilikuwa na rangi ya majivu. Tulizunguka kwa miguu kuelekea nyuma, mimi nimemshika shangazi kiwiko, na baba mbele. Ndipo alipoanza kuongea habari za ndege, bila kugeuka, kama mtu anayetoa taarifa kazini.

"Hondohondo walihama siku ya kwanza baruti ilipolia. Hawakurudi hata kuchungulia. Kwale walivumilia miezi mitatu. Chozi walibaki mpaka maua ya shubiri yalipojaa vumbi; walikuwa wakichomeka midomo wakaitoa ina tope, wakajaribu lingine, lingine. Tetere sijui waliondoka lini. Siku moja nilisikiliza tu, hawapo."

Sikujua kwamba alikuwa bado anasikiliza.

"Na kurumbiza?" nilimuuliza.

"Alibaki mmoja. Unajua wanavyoiga. Akajifunza king'ora cha baruti. Analia, watu wanatupa sururu wanakimbia, kumbe ni yeye yuko juu ya mti anajishaua. Mara ya kwanza watu walicheka. Mara ya pili msimamizi akamtafutia mtu mwenye manati."

Upande wa nyuma ulikuwa mwinuko, na majani yalikuwepo, yamekaa chini ya vumbi. Shangazi alisimama mbele ya kichaka cha kwanza akafumba jicho moja. Kisha akafumbua.

"Mia mbili na saba," alisema. "Mbona mrefu hivi?" Upepo ukapita, akarudi nyuma nusu hatua. "Anatikisika."

Nilitaka kucheka, nikaona uso wake, nikaacha. Alikwenda kutoka mmoja hadi mwingine akiwataja kwa namba kama mwalimu anayeita majina darasani, akiwagusa kwa mkono unaotetemeka. Alishangaa kwamba wana upande wa nyuma. Alishangaa kwamba huyu ana mchwa shinani na yule amemzunguka mwenzake. Mmoja hakumtambua kabisa, akazunguka mara mbili, kisha akapiga paja: "Ah! Wewe nilikubandika kichwa chini!"

Mia nne na kumi na mbili walikuwa watatu, wamejificha ubavuni mwa jiwe kubwa. Maua yalikuwa yamefunguka, na yalikuwa ya kijivu. Shangazi alipiga magoti. Akatoa leso, akafuta ua moja taratibu mpaka weupe ukatokea, akainamisha uso, akavuta pumzi. Akavuta tena. Mabega yake yalipanda na kushuka mara nyingi. Nilijua hakuna kitu kinachoingia.

"Njoo," aliniambia. "Nusa kwa niaba yangu."

Nilinusa. Nilipata vumbi, na moshi wa dizeli, na ule ukali wa baruti unaobaki kwenye mawe. Nikamwangalia shangazi, kofia ngumu imempwaya mpaka masikioni.

"Maziwa," nikasema. "Maziwa ya moto. Na iliki."

Alinitazama kwa utulivu. "Hayo nimeyapiga taipu mwenyewe. Nakuuliza wewe."

"Sinusi kitu, shangazi. Vumbi tu."

Akatikisa kichwa, hakukasirika. Baba akachuchumaa upande wa pili. Alichagua tumba ambalo lilikuwa bado halijafunguka, mahali vumbi halikupata kuingia, akalipasua kwa ukucha wa kidole gumba na kulifunika kwa viganja vyote viwili, akaweka pua kwenye tundu la viganja. Alikaa hivyo muda mrefu, macho amefumba.

"Mtungi mpya," alisema. "Ule unaotiwa maji kwa mara ya kwanza."

"Si maziwa?"

"Si maziwa."

"Wala iliki?"

"Dada, nakuambia mtungi."

Shangazi akakaa chini kabisa, miguu ameinyoosha. "Kwa hiyo mara tano nimeandika uongo."

"Au Mzee alikuwa na njaa siku hiyo," baba akasema.

Tulicheka, wote watatu, vumbi likatuingia mdomoni. Shangazi alicheka mpaka akashika ubavu, kisha kicheko kikageuka kitu kingine, na baba akatazama pembeni. Alimshika mkono dada yake, ule mbaya, akauzuia usitetemeke. King'ora kikalia. Safari hii hakikuwa ndege.

Tuliteremka haraka tulivyoweza. Hatukufika mbali. Ardhi ilituruka chini ya miguu kabla sijasikia mlio, kisha wingu likapanda juu ya kilima na kutushukia, na nilipofungua macho sikuweza kuona mkono wangu.

*

Siku kumi na saba shangazi hakusema na baba. Chakula alikula chumbani kwake. Hakumlaani, hakumsema kwangu, ila baba akiingia mlango wa mbele yeye alitoka wa nyuma. Alikuwa amekuja na kichipukizi cha mia nne na kumi na mbili alichoking'oa na mizizi yake, akakipanda kwenye kopo la rangi, kivulini, akakimwagilia kwa kijiko. Kilikaa kijani wiki mbili, kisha majani yakaanza kudondoka moja moja, na siku ya kumi na nane alikimwaga jalalani, kopo na yote. Jioni hiyo alikuja kukaa mezani. Baba alimsogezea kiti, naye akala.

Baba hakuacha kazi. Nilimuuliza mara moja, kwa ukali ambao najutia mpaka leo, kwa nini haachi. Aliniuliza atakwenda kuendesha nini, na nani atanunua dawa za dada yake.

Miezi mitano baadaye alirudi nyumbani mapema, saa nane, akasimama mlangoni kwa shangazi bila kuingia. Nilikuwa nampaka shangazi mafuta miguuni.

"Dada, leo tumeanza upande wa nyuma."

"Lile jiwe kubwa?"

"Nimelibeba mimi. Safari ya tatu."

Shangazi alifikiri kidogo. "Umekula?"

"Bado."

"Kuna ugali. Mwambie mtoto akupashie."

Hawakuzungumza tena habari za kilima, wala mimi sikuzungumza. Baada ya hapo alidhoofika upesi. Figo zilianza, kama za Mzee wa Majani. Miguu ilivimba, maneno yakawa yanampotea katikati ya sentensi, na namba pia. Alikuwa akianza, "mia mbili na..." halafu anatazama ukuta. Kikombe hakukiweza tena. Baba alimshikia asubuhi kabla ya kwenda kazini na jioni akirudi, kichwa cha dada yake kwenye kiganja chake chenye nyufa za vumbi. Wakati mwingine alimpigia mluzi wa ndege fulani, polepole, akamuuliza ni nani. Shangazi hakuwahi kuwajua ndege. "Huyo ni wako," alikuwa akijibu.

Alilazwa mwanzoni mwa mvua. Alifariki Jumanne saa nne asubuhi, wodini, nikiwa nimetoka kwenda kuchota maji ya kumnawisha. Niliporudi nesi alikuwa ameshavuta shuka. Nilipiga simu kwa mlinzi wa machimbo, kwa sababu baba hakubeba simu akiwa kazini, nikamwomba amwambie dereva kwamba dada yake amekwenda. Yule mlinzi aliyecheka habari ya majani alinipa pole kwanza. Kisha akasema, "Ndiyo kwanza anatoka na mzigo. Nitamkimbilia."

Baba alikuja na tipa likiwa limejaa mawe. Hakuwa na mahali pa kuyamwaga wala mtu wa kumwachia gari. Alilisimamisha mbele ya geti la hospitali, katikati kabisa, injini inaunguruma, na hakushuka. Askari wa geti alikuwa anagonga mlango kwa rungu, akimpigia kelele aondoe gari, kuna wagonjwa wanaingia, haoni? Mvua ilikuwa inanyesha juu ya mawe na maji meupe yalikuwa yanatiririka kutoka nyuma ya tipa kwenda barabarani. Baba ameshika usukani kwa mikono miwili, anatazama mbele.

Nilikwenda nikasimama kati ya askari na mlango wa gari.

"Mpe dakika moja," nilimwambia. "Amefiwa."

Askari akashusha rungu. Akatazama yale mawe, akanitazama mimi nilivyolowa, akaenda kuwageuza watu waliokuwa wanakuja, akiwaonyesha mlango mdogo wa pembeni.

Nilipanda upande wa abiria nikafunga mlango. Baba alikuwa bado hajazima injini. Nikanyoosha mkono nikaizima.